Bomba la Hatibu

Mzee Sadoki hakuwa na ugomvi na mto. Ugomvi wake ulikuwa na jina moja, ambalo kila mto ulipotajwa, nalo lilitajwa. Mtu angesema tu, "Leo Ngaresidai unanuka," na mkewe Hanna, hata kama alikuwa anachambua maharage, angeinua kichwa na kusema, "Enzi za kina Hatibu ulikuwa haunuki, ulikuwa unabadilika rangi tu." Basi siku ya Sadoki imeharibika papo hapo, na uji wenyewe haujapoa.

Ngaresidai si mto wa kujivunia. Unatoka huko juu Meru, unajipenyeza nyuma ya Moshono, unapita mgongoni mwa viwanda, halafu unashuka mpaka Kikwe, na kiangazi mtoto anauruka bila kulowa. Lakini mfereji wa akina Sadoki unaanzia hapo, na migomba, mahindi na mboga za upande ule wote zinakunywa hapo. Sadoki ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Ndiye anayepanga zamu za maji, ndiye anayeitisha watu kwenye msaragambo wa kuzibua tope, na ndiye anayesemwa maji yasipofika.

Mwaka huu maji yalifika, ila heri yasingefika. Kiwanda cha zamani cha nguo, kilichofungwa muda mrefu mpaka popo wakakifanya chao, kilikuwa kimepata mwenyewe mpya na kugeuzwa kiwanda cha ngozi. Tangu hapo mto ulileta povu la kijivu, mafuta yakielea juu, na nywele za ng'ombe zikinasa kwenye mawe ya mfereji. Majani ya magimbi yaliungua kingoni. Ng'ombe wa Sadoki alinusa ndoo, akarudi nyuma, akamtazama bwana wake kana kwamba ndiye aliyeyachafua. Mwenye kiwanda alieleza kwa upole mkubwa kwamba uchafu wake wote unaingia kwenye mashimo na kuzolewa na gari, na kwamba hakuna bomba lolote linalokwenda mtoni.

Watu wa mazingira walikuja mara mbili, wakatembea kando ya ukuta, wasione kitu. Mara ya pili binti aliyewaongoza, Brenda, aliwaambia wanakamati bila kuzunguka: "Wazee wangu, nionyesheni mahali pa kuchimba, nitachimba. Bila hivyo sina kesi. Alhamisi narudi, na baada ya hapo nimeambiwa nifunge faili."

Ndipo Hanna, ambaye si mjumbe na alikuwa ameleta chai tu, akasema akiwa bado ameshika birika, "Bomba lipo. Lilifukiwa enzi za kiwanda cha nguo. Hatibu ndiye aliyelilaza."

Sadoki alipaliwa na chai.

"Huyo Hatibu yuko hai?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Yuko hai. Yuko Kaloleni, kwa mtoto wa dada yake, Mwamvua, yule anayeuza vitenge sokoni. Nilimuulizia."

Nilimuulizia! Sadoki alilibeba neno hilo mpaka nyumbani na akalala nalo. Alimuulizia lini? Alikwenda sokoni kununua vitunguu au alikwenda kuulizia watu? Na alipokuwa anaulizia, alikuwa amevaa nini?

Hadithi yenyewe Sadoki aliijua kuliko Sala ya Bwana. Kiwanda cha nguo kilipofunguliwa, wasichana wa Kikwe walikuwa wakipanda kila asubuhi na vibuyu vya maziwa kuwauzia wafanyakazi. Hanna alikuwa mmoja wao, binti wa mzee wa kanisa. Hatibu alikuwa kijana kutoka Kondoa, fundi wa chumba cha rangi, mwenye baiskeli na mikono iliyokuwa ya buluu leo na nyekundu kesho. Kila walichomwaga kiliishia mtoni, kwa hiyo mto ulivaa kitenge kilichokuwa kikitengenezwa siku hiyo. Hatibu aliwaambia wasichana mapema, "Kesho tunapika njano," nao wakajua wasifue nguo nyeupe. Watu walicheka. Watoto walijitupa majini wakatoka na masikio ya kijani, na hakuna aliyeuliza rangi ile imechanganywa na nini, maana kiwanda kilikuwa cha umma na umma ni sisi. Kisha samaki wadogo wakatoweka, vyura wakafuata, na mama zetu wakawa wanalalamika ngozi inawawasha mikononi. Hanna akifika hapo hupunguza sauti. Halafu anamalizia vile vile kila mara: "Lakini Hatibu alikuwa na adabu, yule."

Adabu! Mtu ameua vyura wa Kikwe nzima, ana adabu. Sadoki, aliyekuwa ameuzibua mfereji ule kwa mikono yake tangu ndevu zinamtoka, hakuwahi kumsikia mkewe akimsifu mtu mwingine yeyote kwa adabu, na watu wa kusifiwa walikuwepo humo humo ndani ya nyumba.

Palikuwa na nini hasa kati ya Hanna na yule fundi? Pengine hapakuwa na kitu. Baba yake Hanna alisikia jina la Kiislamu likitajwa mezani zaidi ya alivyopenda, akamkataza binti kupeleka maziwa. Hatibu akahamishiwa Morogoro. Baadaye Sadoki alipeleka posa, ikakubaliwa, wakafunga ndoa kanisani, wakapata watoto, wakajenga. Hata hivyo, moyoni mwake Sadoki alijiona kama mtu aliyepewa chumba ambacho mpangaji wa kwanza hakurudisha ufunguo. Hakuwahi kuuliza. Mwanamume anaulizaje jambo kama hilo? Alinuna tu, na kununa kwake kulikuwa kwa kudumu kama mfereji.

Mwamvua alipiga simu kusema mjomba atakuja Alhamisi, na kwa kuwa mwenyekiti ndiye mwenyeji, mgeni atakula kwa mwenyekiti. Hapo ndipo Sadoki alipoanza kuumwa kweli. Hanna alikwenda kusuka. Hanna alitoa kitenge ambacho Lilian, binti yao, alimletea Krismasi na ambacho mumewe alikuwa ameambiwa kinawekewa siku maalumu. Hanna alishusha vikombe vya kabatini, vile vya maua.

"Mbona vikombe vya maua?" aliuliza Sadoki.

"Ni mgeni wa kamati, Baba Lilian."

"Diwani alikuja hapa kwa kamati. Alinywea cha plastiki."

"Diwani hakuleta bomba," alisema Hanna, akaendelea kufuta vikombe.

Kulikuwa na jogoo mwekundu aliyewekwa kwa ajili ya siku hiyo. Hanna alikuwa amemwomba jirani yao Shamsudin, fundi ujenzi, apite asubuhi kumchinja, kama inavyofanya kila nyumba ya Kilutheri inayotarajia mgeni Mwislamu, ili mgeni ale kwa amani. Sadoki aliujua utaratibu huo kama anavyoijua njia ya kanisani. Asubuhi ya Alhamisi, Hanna alipokwenda dukani kufuata mchele, Sadoki alimtazama jogoo, akatazama njia kama Shamsudin anakuja, akachukua kisu, akamchinja mwenyewe. Akamnyonyoa kwa haraka ambayo mkewe hakuwahi kuiona tangu wafunge ndoa. Shamsudin alipofika alikuta manyoya.

"Tayari," alisema Sadoki.

Shamsudin aliangalia manyoya, akamwangalia mzee, akaondoka kwa njia ya dukani.

Mpango ulikuwa hivi. Chakula kikishaandaliwa mezani, Hanna amesimama pembeni na kitenge chake akisubiri sifa, Sadoki atakohoa kidogo na kusema, "Samahani mzee, huyu kuku nimechinja mimi." Hatibu asukume sahani. Na Hanna aone kwa macho yake mtu wake wa adabu akikikataa chakula chake. Ni wazo la kitoto, na mtu wa umri wake alipaswa kulionea haya. Hakuona haya hata chembe. Alipiga mluzi njia nzima kwenda darajani kumpokea mgeni.

Bajaji ilisimama, akashuka mzee wa kanzu na koti, mwembamba, jicho moja lina ukungu, mkongojo mkononi. Mikono yenyewe ilikuwa na mabaka meupe, kana kwamba ngozi imechoka kubadilishwa rangi ikaamua kubaki bila rangi. Sadoki alikuwa amejiandaa kumpa mkono mkavu na "habari" ya mbali. Lakini mzee yule alikuwa amemzidi umri, hilo halikufichika, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kujizuia.

"Shikamoo," alisema Sadoki, na neno lilimtoka kwa uchungu wa jino.

"Marahaba, bwana mdogo."

Bwana mdogo!

Walimkuta Brenda na vijana wawili wenye majembe wakiwasubiri karibu na ukuta wa kiwanda, pamoja na kamati yote. Hatibu hata ukuta hakuutazama. Alishuka polepole kufuata mto mpaka kwenye kona yenye mikaratusi, palipokuwa na mawe makubwa bapa ambapo wanawake walikuwa wakifulia zamani. Akaligonga jiwe moja kwa mkongojo.

"Hapa chini."

"Huku mbali kote?" aliuliza Brenda.

"Ndiyo sababu hamlioni, mwanangu. Mkubwa wetu alisema lisitokee karibu na kiwanda. Rangi watu walishaizoea, lakini povu la dawa likitokea kwenye mawe ya kufulia watadhani ni sabuni ya wake zao. Nikalilaza mimi. Nilikuwa kijana, nilisifiwa kazi nzuri, nikaona nimefika."

Vijana walichimba. Jembe liligonga kitu kigumu, jiwe likasogezwa, na maji ya uvuguvugu yakatoka, meupe ya chokaa, yamejaa nywele, yakinuka mpaka mjumbe mmoja akatapika nyuma ya mkaratusi. Brenda alijaza chupa, akapiga picha, akapiga simu, akasema hapa hapatasogea mtu mpaka mkuu wake afike. Kamati ilishangilia kama mpira umeingia golini. Hatibu peke yake hakushangilia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Wenzangu wa chumba cha rangi wamekwisha wote," alimwambia Sadoki. "Kifua, ini, kifua. Nilijua siku moja mtu atakuja kuniuliza. Nilishangaa tu wanavyochelewa."

Sadoki alipaswa kufurahi. Mfereji wake ulikuwa umepona, au angalau umeanza kupona. Lakini kichwa chake kilikuwa kwenye sufuria ya kuku. Waliondoka wawili, wakapita njia ya migombani kwenda nyumbani, na hapo Sadoki akashindwa kujizuia.

"Mzee Hatibu. Unamkumbuka Hanna?"

"Hanna yupi?"

"Binti wa Mzee Ephraimu. Aliyekuwa analeta maziwa kiwandani."

Hatibu alifikiri kwa uaminifu, hilo Sadoki aliliona. "Walikuwa wengi walioleta maziwa, bwana. Wasichana wa Kikwe wote walileta maziwa."

"Huyu ni yule uliyekuwa unamwambia rangi ya kesho."

Mzee alicheka kidogo. "Niliwaambia wote. Ukimwambia msichana rangi ya kesho, anakujazia kikombe mpaka juu. Ulikuwa ndio ujanja wetu."

Walitembea. Kwa hatua chache Sadoki alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika wilaya ya Meru. Hakumkumbuka! Hapakuwa na ufunguo, hapakuwa na mpangaji, palikuwa na mlafi wa maziwa tu. Kisha furaha ikaanza kuchacha. Hamkumbuki? Hanna? Msichana ambaye akipita kanisa zima lilikuwa linakosea wimbo? Huyu bwana alikuwa na macho yote mawili wakati ule, alikuwa anaangalia nini? Sadoki alijikuta amekasirika kweli kweli, na hasira yenyewe ilikuwa ile ile ya zamani, imegeukia upande mwingine tu. Akamwona Hanna akilini, amesimama mlangoni na nywele alizosukwa jana, akimsubiri mtu asiyejua kwamba alipata kuwepo duniani.

Alisimama katikati ya njia.

"Ukifika," alisema, "mwambie unamkumbuka."

Hatibu naye alisimama. "Wewe si ndiye mumewe?"

"Mimi ndiye."

"Na unataka mimi nimkumbuke mkeo."

"Ndiyo."

"Nimeishi na watu wa kila kabila nchi hii," alisema Hatibu. "Hili sijaliona. Haya, nimkumbuke kwa kitu gani?"

Sadoki hakuhitaji kutafuta. "Mwambie unakumbuka kitambaa chake cha njano. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, maji siku hiyo mekundu, na kichwani amejifunga kitambaa cha njano. Anaimba kwa sauti ndogo. Akasimama, akateleza, akacheka peke yake."

Mzee alimtazama kwa lile jicho lake zima.

"Na kingine," alisema Sadoki akitazama migomba. "Kuku usile."

"Ana nini?"

"Nimemchinja mimi."

Hatibu aliegemea mkongojo akacheka mpaka kofia ikasogea. "Asubuhi ulitaka kunishindisha njaa, mchana unataka nimsifie mkeo. Twende, bwana mdogo, kabla hujabadili tena."

Hanna alikuwa mlangoni, vile vile alivyomwona akilini, ila mzuri zaidi. Alimsalimu mgeni, akampa maji ya kunawa, akamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Hatibu alisema bomba limepatikana, akashukuru, akanywa maji. Kisha, kama mtu anayetua mzigo alioagizwa, akasema:

"Mama, kile kitambaa chako cha njano bado unacho? Siku ile juu ya jiwe, maji mekundu, ukateleza ukacheka."

Hanna alitulia na jagi mkononi. Alimtazama Hatibu. Halafu uso wake ukafunguka, ukawa wa msichana kabisa, akageuka haraka kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Na wivu ulimrudia Sadoki mzima mzima. Alikuwa ameupika mwenyewe, anajua kilichomo ndani, na bado ulimuunguza. Miaka yote wamekaa pamoja, je, yeye aliwahi kumfanya awe na uso ule?

Kuku alipowekwa mezani, Hatibu alisema daktari amemkataza nyama, akala wali kwa maharage na ndizi, akasifu chumvi. Aliondoka na mkungu wa ndizi ndani ya bajaji na wanakamati wakimpungia mikono mpaka darajani.

Sadoki alirudi ndani akamkuta Hanna anafuta meza.

"Daktari gani anamkataza mtu kuku?" aliuliza Hanna.

Sadoki aliinama kuokota punje ya wali sakafuni.

"Nilikutana na Shamsudin njiani asubuhi. Unafikiri kwa nini nilipika maharage?" Alikuwa hajakasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Na kitambaa?"

"Kitambaa kimefanya nini?"

"Kile kitambaa nilikinunua Hatibu ameshakwenda Morogoro. Hakukiona hata siku moja." Alifuta mahali pale pale alipokwisha kufuta. "Kwa hiyo hakunikumbuka."

Sadoki alitafuta uongo mwingine, akakuta ghala limekwisha. "Hakukumbuka."

Hanna alitikisa kichwa polepole kukubali. Ilimuuma, Sadoki aliona ilivyomuuma, na kwa mara ya kwanza maumivu ya mkewe juu ya Hatibu hayakumfurahisha. Nje vijana walisikika wakisema gari la wakubwa wa mazingira limefika mtoni.

"Siku ile nilikuwa peke yangu," alisema Hanna. "Hapakuwa na mtu."

"Nilikuwa nazibua mfereji, ng'ambo ya pili. Nyuma ya magimbi."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema saa ngapi?" Sauti ilimtoka kwa ukali ambao hakuukusudia, ukali wa miaka yote. "Kila mto ukitajwa, wewe unasimulia ya Hatibu. Hakuna siku uliniuliza mimi nilikuwa wapi."

Hanna aliweka kitambaa cha meza chini. Alimwangalia mumewe kwa namna ya mtu anayehakikisha sura kwenye kitambulisho.

"Kitambaa changu kilikuwa na maua ya rangi gani?" aliuliza.

"Hakikuwa na maua," alisema Sadoki. "Kilikuwa na tundu la pasi, pembeni. Ulikuwa unalikunja kwa ndani ili watu wasilione."

Hanna alivuta kiti kile cha mgeni, akaketi.